Bleza ya Jua: Chagua Kitambaa Kinachopumua Kabla Hujamwaga Doo Yako

Kwa Sheng, nguo zote ni pamba. Ukitokea umedunga fiti, mbogi inakushow, "Buda, hiyo pamba ni moto." Shida ni kwamba pamba nyingi tunazodunga siku hizi hazina hata uzi mmoja wa pamba ndani. Ni polista tupu. Na hakuna mahali utajua hiyo tofauti haraka kama ndani ya bleza, saa saba mchana, ukiwa umesimama kwa foleni ya chakula kwa harusi ya wenyewe.

Mimi nilijulia Marigat. Beshte yangu alikuwa na koito, na mbogi yote ya Nakuru tukaambiwa tuje na makoti. Nikachanga doo miezi mitatu, nikachagua kitambaa cha bluu iliyokolea, nikapeleka kwa fundi. Ukingoni mwa kitambaa kulikuwa kumeandikwa kwa rangi ya dhahabu "Super 150's", na muuzaji akaniapia ni sufu safi. Asubuhi Nakuru nilikuwa nakaa waziri. Kufika Marigat, kabla hata wazee hawajaanza kuongea, shati ilikuwa imenishika mgongo kama plasta. Kuvua koti singeweza, juu kwapa zilikuwa zimechora ramani. Kwa picha zote za hiyo siku, mimi ndiye ule msee anaonekana ametoka kuoga akasahau kujipanguza.

Kurudi keja nilichomoa uzi mmoja wa hiyo koti nikauchoma. Haukuungua. Uliyeyuka ukawa ka-shanga keusi, kagumu. Sufu haifanyi hivyo hata siku moja.

Hii makala ni ya kukuepusha na hiyo aibu. Kama uko na doo ya koti moja tu mwaka huu, na hiyo koti inafaa ikutoe intavyu, ruracio, kanisa na mahafali, soma hadi mwisho kabla hujaingia duka lolote.

Bleza si suti

Tuanze hapo juu wengi huchanganya. Suti ni koti na suruali zimekatwa kwa kitambaa kimoja. Bleza ni koti ya kusimama peke yake. Unaidunga na jinzi, na khaki, na suruali ya kijivu ya ofisi, na bado inaingiana. Kwa msee ambaye bado anajipanga, hiyo ni faida kubwa: koti moja na suruali tatu ni luku tatu.

Faida ya pili hawakuambii. Kwa sababu bleza haitafuti pacha, haihitaji kitambaa laini kinachong'aa kama cha suti. Unaruhusiwa kuchagua kitambaa chenye nyuzi zinazoonekana, chenye vijishimo, chenye ukavu fulani kwa mkono. Na hicho kitambaa ndicho kinapitisha hewa.

Joto letu ni la aina gani?

Ukisoma mambo ya fashoni za wazungu, utaambiwa koti ya joto ni ile ya summer. Sisi hatuna summer. Tuko na asubuhi, mchana na jioni, na hizo tatu zinakaa nchi tofauti.

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Mchana, hasa Januari hadi Machi, jua linapiga hadi digrii 27 au 28. Usiku inashuka hadi digrii 10 na kitu. Ukitoka Kaptembwa saa kumi na mbili asubuhi ukienda intavyu, unatetemeka. Saa nane ukitoka hiyo intavyu, unatafuta kivuli cha mti wowote.

Halafu kuna mambo ya kupanda na kushuka. Kwa kawaida, kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama digrii 6. Marigat iko karibu mita 1,000, kwa hivyo ukiteremka huko kutoka Nakuru unaongeza kama digrii 5 bila kufanya chochote. Ukipanda Molo, iliyo karibu mita 2,500, unapunguza digrii 4 hivi. Hizo safari zote mbili zinaisha kwa siku moja na mat. Koti yako inafaa kujua hizo mambo kabla wewe hujazijua.

Kwa hivyo swali si "kitambaa gani ni chepesi zaidi?" Swali ni kitambaa gani kinatoa joto mchana na bado kinakubeba jioni.

Vitu vitatu vinavyopika mtu ndani ya koti

Wengi wakienda kununua wanauliza jina la kitambaa tu. Jina ni robo ya hadithi. Kinachokupika ni vitu vitatu vikifanya kazi pamoja.

Cha kwanza ni ufumaji. Angalia kikapu na uangalie gunia la plastiki. Vyote vimefumwa, lakini kimoja kinapitisha hewa na kingine kinazuia. Ufumaji wa kawaida, uzi mmoja juu mmoja chini, unaacha vijidirisha vidogo. Kuna mwingine unaitwa hopsaki, ambapo nyuzi zinapita mbilimbili kama kiondo. Huo ndio baba wa bleza za joto: una nafasi za hewa na bado unashikilia umbo. Ufumaji wa twili, ule wenye mistari ya mshazari kama ya jinzi, unabana zaidi. Gabadini ni twili iliyobana sana. Inakaa poa, inazuia upepo, na hiyo ndiyo shida yake.

Cha pili ni uzito. Watengenezaji hupima kwa gramu za mita moja ya kitambaa chenye upana wa sentimita 150. Kati ya gramu 210 na 280 ni cha joto. Kati ya 290 na 340 ni cha katikati. Ukifika 370 kwenda juu hiyo ni ya baridi ya Ulaya. Sasa, hakuna duka litakuwekea kitambaa kwa mizani, kwa hivyo tumia akili ya jikoni. Koti moja inakula karibu mita 2. Mita 2 za kitambaa cha gramu 250 ni nusu kilo. Shika hiyo bando iliyokatwa: inakaa pakiti ya sukari ya nusu, ama inakaa ya kilo? Ikikaribia kilo, rudisha.

Cha tatu ni bitana, ile kitambaa inayoteleza ndani ya koti. Hapa ndipo watu wengi huchomewa picha. Unaweza kununua kitani safi kabisa, halafu fundi akaijaza bitana ya polista kutoka kola hadi chini. Umejifungia ndani ya karatasi ya nailoni, na juu yake ukaweka kitani cha kuonekana. Jasho halijui bei ya kitambaa cha nje. Linajua tu kile kimeligusa kwanza.

Nyuzi zenyewe: nani anakunywa maji, nani anakataa

Jasho lazima liende mahali. Uzi ukilivuta, unasikia kukauka. Uzi ukilikataa, linabaki kwa ngozi. Kwa hewa ya digrii 20 yenye unyevu wa asilimia 65, sufu hujivutia maji ya takriban asilimia 16 ya uzito wake. Viskosi asilimia 13. Kitani 12. Pamba 8. Nailoni 4. Polista? Asilimia 0.4. Hapo sasa umeelewa Marigat ilinifanyia nini.

*Sufu.* Najua unasema, "Manyoya ya kondoo kwa jua? Acha jokes." Lakini sweta ya Molo na sufu nyepesi ya koti ni vitu viwili tofauti. Uzi wa sufu ukisokotwa sana, ukawa mwembamba na mkavu, halafu ukafumwa wazi, unapata kitambaa kinachopitisha upepo kama wavu. Kinakunywa jasho bila kukaa kimelowa. Kinakunjika kwa mat na kikitundikwa usiku kinajinyoosha chenyewe. Na jioni baridi ikiingia, bado ni sufu, inakupa joto. Kwa Nakuru, hii ndiyo namba moja. Ubaya ni bei ikiwa mpya, na ukiiosha kwa maji moto inarudi saizi ya mtoto wa nasari.

Na hiyo namba ya "Super"? Inapima wembamba wa uzi wa sufu. Namba ikipanda, uzi ni mwembamba zaidi na laini zaidi. Haimaanishi ni baridi zaidi, na haimaanishi ni imara zaidi. Kwa kweli zile za juu sana huchakaa haraka. Kwa koti ya kupanda mat kila siku, 100 au 110 inatosha kabisa. Na ukiona hiyo namba kwa kitambaa cha bei ya kutupa, jua ni maandishi tu. Wino hauna bei.

*Kitani, ile wanaiita lineni.* Inatoka kwa shina la mmea, na ndiyo baridi kuliko zote kwa mkono. Inakunywa maji na kuyaachilia haraka. Kwa Marigat, Baringo, ama sherehe ya kando ya ziwa Naivasha mchana, hakuna mshindani. Shida unaijua: ukikaa dakika kumi umekunjika kama risiti ya M-Pesa mfukoni. Siri ni kwamba kitani kizito kidogo, kama gramu 300 hivi, hukunjika mikunjo mikubwa ya kiheshima, na chepesi sana hukunjika vijimikunjo vingi vya aibu. Usiogope uzito kwa kitani, kinapumua hata kikiwa kizito. Tahadhari: vitambaa vingi madukani vinaitwa lineni kwa sababu ya sura tu. Ndani ni polista iliyofumwa ikafanana nayo.

*Pamba.* Hii ndiyo ya mfuko wetu. Drili nyepesi, ile ya khaki, inashoneka poa na fundi yeyote wa mtaa anaijua. Inapumua, inaoshwa kwa beseni, haina maringo. Ubaya wake ni mbili: ikilowa inakawia kukauka, na viwiko vikishavimba havirudi. Chagua rangi unayoweza kuvumilia ikipauka, juu itapauka.

Kuna pamba moja watu hawaijui vizuri, inaitwa sirisaka. Ni ile yenye mistari, mmoja laini mmoja umekunjamana. Jina linatoka kwa Kiajemi, maana yake maziwa na sukari, yaani laini na chengachenga. Ile mikunjo huinua kitambaa kisikushike ngozi, kwa hivyo hewa inapita katikati. Haitaki pasi kabisa. Ukiiona kwa mtumba, usiiache ikapita.

*Polista na mchanganyiko.* Tuongee ukweli, hiki ndicho kitambaa cha suti kimejaa tao. Mara nyingi ni polista imechanganywa na viskosi. Si dhambi. Haikunjiki, haipauki haraka, na bei inakubali. Kama doo ni hiyo, angalia viskosi iwe nyingi iwezekanavyo, ufumaji uwe wa wazi, na bitana iwe nusu. Mchanganyiko wa sufu na polista kidogo pia ni kazi safi kwa koti ya kila siku. Ile ya kukimbia ni polista asilimia 100, ya twili iliyobana, na bitana kamili. Hiyo ni jiko.

*Za kuacha kabisa kwa jua:* kodrai, velveti, na twidi nzito. Zinakaa poa kwa picha. Picha inachukua sekunde, harusi inachukua siku nzima.

Majaribio matano ya dukani

Usiogope kusimama dukani. Ni doo yako.

1. *Pumzi.* Kunja kitambaa mara mbili, weka mdomoni, puliza, na mkono mwingine uwe nyuma. Ukisikia hewa kwa kiganja, kinapumua. Usiposikia kitu, hata upepo wa Menengai hautapita.

2. *Mwanga.* Kipeleke mlangoni ukiinue kwa jua. Unataka kuona vijidirisha vidogo vilivyo sawasawa. Ukiona giza tupu, kimebana. Ukimwona mwenye duka mzima mzima, ni kepesi sana, hakitashika umbo la koti.

3. *Ngumi.* Kifinye kwa ngumi, hesabu hadi kumi, achilia. Sufu hurudi polepole. Kitani na pamba hubaki na mikunjo. Polista hufunguka papo hapo kama hakuna kitu kilifanyika. Ukiambiwa ni lineni halafu kinafunguka bila hata mkunjo mmoja, cheka tu uende.

4. *Shingo.* Kisugue nyuma ya shingo. Kola itakaa hapo siku nzima. Kikikuwasha dukani, saa nane utakuwa unajikuna mbele ya wakwe.

5. *Moto.* Omba kipande kidogo cha ukingo uende nacho, usichome kitu dukani kwa wenyewe. Nyumbani chomoa uzi, ushike kwa kibano juu ya sahani, uguse na kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unajizima, na jivu linasagika. Pamba, kitani na viskosi zinanuka karatasi na kuacha jivu laini. Polista inayeyuka, inatoa moshi mweusi na kuacha shanga ngumu. Mchanganyiko utakupa harufu ya moja na shanga ya nyingine. Fanya hii kabla hujalipa mita zote. Usifanye kama mimi, nilichoma baada ya aibu.

Ukienda mtumba, soma lebo

Hapa ndipo msee wa Nakuru anaweza kumshinda tajiri. Koti za sufu na kitani ambazo mpya huwezi zinunua zinalala kwa mtumba, na wauzaji wengi wanaangalia kama inang'aa tu. Lebo iko ndani ya mfuko wa ndani wa kifua au kwa mshono wa ubavuni. Tatizo ni lugha. Shika hii orodha kwa simu:

- Sufu: *wool* kwa Kiingereza, *laine* kwa Kifaransa, *lana* kwa Kiitaliano, *Wolle* au *Schurwolle* kwa Kijerumani.
- Kitani: *linen*, *lin*, *lino*, *Leinen*.
- Pamba: *cotton*, *coton*, *cotone*, *Baumwolle*.
- Hariri: *silk*, *soie*, *seta*, *Seide*.
- Bitana: *lining*, *doublure*, *fodera*, *Futter*.

Hiyo ya mwisho ndiyo muhimu. Lebo nyingi zina mistari miwili, mmoja wa kitambaa cha nje na mwingine wa bitana. Bitana ikiandikwa *viscose* au *cupro*, hiyo inapumua. Usisome mstari wa bitana ukadhani ni wa koti, wala kinyume chake.

Kisha igeuze koti ndani nje. Kama mgongo uko wazi na bitana iko mabegani na mikononi tu, umepata koti iliyoshonewa joto tangu mwanzo. Angalia kwapa kama kuna weupe wa jasho la mwenyewe wa kwanza, na uiweke kwa jua uone matundu ya nondo. Mabega yakitoshea, mikono na kiuno fundi atarekebisha. Mabega yasipotoshea, iache hapo hapo hata kama inauzwa bei ya chapo.

Ukienda kwa fundi, sema haya

Fundi wengi wanashona koti moja kwa kila mtu: bitana kamili, mabega manene, gundi kila mahali. Si ubaya, ndivyo wateja huagiza. Wewe agiza hivi:

- *Mita.* Uliza upana kabla hujanunua. Kitambaa cha suti mara nyingi ni sentimita 150, na msee wa saizi ya kawaida anahitaji karibu mita 2. Pamba na kitani nyingine ni inchi 45, hapo unaelekea mita 3. Miraba na mistari inataka zaidi kidogo ili ikutane kwa mishono.
- *Kuloweka.* Pamba na kitani viloweshwe na kukaushwa kabla ya kukatwa. Vinarudi. Afadhali vipungue vikiwa kitambaa kuliko vipungue vikiwa koti yako.
- *Nusu bitana.* Mabega na mikono tu, mgongo uachwe. Jua kwamba fundi anaweza kukuitisha doo zaidi, si kidogo. Mgongo ukiwa wazi, mishono yote ya ndani inaonekana, lazima aifunge vizuri. Hiyo ni kazi, lipa.
- *Gundi kidogo.* Kile kitambaa cha kugandishwa kwa pasi mbele ya koti kinaziba vijidirisha. Kikiwa cha bei rahisi, baada ya kuosha mara mbili kifua kinaota malengelenge. Mwambie aweke kepesi, na pale panapohitajika tu.
- *Mifuko ya kubandika nje.* Inapunguza matabaka ya ndani, na kwa bleza inakaa fiti.
- *Mipasuo miwili nyuma.* Hewa inaingia, na ukikaa kwa kiti cha mat koti haikunjiki chini yako.

Rangi na vumbi letu

Jina Nakuru husemwa linatoka kwa neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na yeyote amengoja mat Januari hatabisha. Nyeusi na bluu iliyokolea zinavuta joto la jua na zinaonyesha kila chembe ya vumbi. Kijivu chepesi hakionyeshi vumbi lakini kinaonyesha jasho kama ripoti. Njia ya katikati ni kahawia nyepesi, rangi ya biskuti, kijani cha majani makavu, au bluu ya wastani. Kitambaa chenye nyuzi za rangi mbili zilizochanganyika kinaficha vyote viwili. Jioni usiioshe, ipige brashi na uitundike mahali penye hewa.

Na kama hutaki koti kabisa?

Kuna suti ya Kaunda, iliyopewa jina la Kenneth Kaunda wa Zambia. Haina tai, mara nyingi ni mikono mifupi, na kwa jua ina akili kuliko bleza nyingi. Rais Ruto amezidunga hadi zikawa gumzo. Lakini Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alizipiga marufuku bungeni. Funzo ni rahisi: uliza mlango unaoingia unataka nini. Kuna ofisi bado zinasoma koti kabla hazijasoma karatasi zako.

Na kama unataka kusapoti ya nyumbani, Rivatex ya Eldoret, iliyochukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007, ilizinduliwa upya 2019 itengeneze vitambaa vya pamba. Pamba ya kweli, si ya Sheng.

Jibu la haraka

Kama uko na doo ya koti moja tu na unakaa Nakuru: tafuta sufu nyepesi ya ufumaji wa wazi, nusu bitana, bluu ya wastani au kahawia. Ianze mtumba kabla ya duka.

Kama sherehe zako ziko Baringo au Naivasha mchana: kitani, na ukubali mikunjo kama sehemu ya luku.

Kama mfuko umekauka: drili ya pamba, iloweshwe kwanza, fundi wa mtaa mwenye subira.

Kama kilichoko dukani ni polista na viskosi pekee: puliza kwanza, halafu pigania nusu bitana.

Ile koti yangu ya Marigat bado iko. Sikuitupa, ilikula doo ya miezi mitatu. Nilimpelekea fundi mwingine akatoa bitana yote ya mgongo na akafunga mishono. Sasa ni ya Molo, na ya jioni. Huko inakaa poa sana. Kumbe haikuwa koti mbaya, ilikuwa tu imepelekwa mahali hapakuwa pake, na mimi ndani.